Herufi M Iko kwa Lusia

Mgeni rasmi, Mkuu wa Maktaba ya Chuo cha Biblia. Wachungaji, makatekista na majirani zetu wa vibandani:

KUKARIBISHA

Sisi Wasomaji wa Maandiko wa Soko la Mwanjelwa tunakupokea kwa mikono miwili. Kutoka Iringa mpaka hapa si mchezo, na malori ya barabara ile tunayajua. Pole na safari, baba. Desturi yetu ni kufungua kila kikao kwa aya inayohusu jambo la siku hiyo. Leo tumefungua bila aya. Sababu utaisikia mbele.

HISTORIA

Itifaki uliyotupa wewe mwenyewe, kile kitabu kinachoonyesha kila neno la Biblia linapatikana wapi, ilikaa miaka miwili kabatini kwa mwenyekiti wetu, Edmund. Ilikuwa safi, inang'aa, na hakuna aliyeifungua, maana tukipata nafasi sisi, Edmund na ufunguo wake wako shambani. Ndipo Lusia, fundi cherehani, aliposema, "Jamani, hata jora la kitambaa silivai zima zima. Leteni hicho kitabu."

Alikikata mgongo kwa mkasi wake, akashona kila herufi peke yake, akaivika jalada la vipande vya jinzi. Gloria wa nyanya akapewa D. Nyanda wa mchele wa Usangu akapewa H. Lusia akabaki na M, nene kuliko zote. Sasa anayetafuta neno "haki" anakwenda kwa Nyanda, na Nyanda hamwachi mtu aondoke bila mchele.

MAFANIKIO

Tunajivunia, na hatuoni haya kusema. Miaka yote igizo letu la Krismasi lilikuwa na mamajusi watatu. Siku moja katekista Vitus wa Chunya akambishia Tumpe, msimamizi wa igizo: hao watatu wametajwa wapi? Wakaenda kwa Lusia. Aliacha cherehani, akapitia kila aya yenye neno "mamajusi", akacheka. "Zawadi ndizo tatu. Watu hawakuhesabiwa!" Soko zima lilisikia kelele zetu. Krismasi iliyofuata mamajusi walikuwa saba, kwa sababu Lusia alipata kitambaa cha kanzu saba.

Walutheri, Wakatoliki na Wamoraviani bado tunabishana, ila sasa kila mmoja anabisha na aya mkononi.

CHANGAMOTO

Kibanda cha herufi S kinavuja. Hilo tutalimudu.

Kubwa ni hili, na tunalisema kwa heshima zote. Mwaka jana ulipotutembelea, ulivishika vipande vile ukasema mbele ya watu, "Aliyekata kitabu hiki hajui thamani ya kitabu." Hukujua, mgeni rasmi. Aliyekikata alikuwa nyuma yako anakufungulia soda.

Lusia aliiweka soda mezani, akakukaribisha unywe, akaenda zake kibandani. Aliona aibu sana. Tangu siku ile hajakaa nasi kikaoni. Ukimwendea kuuliza neno anakutafutia vizuri, ila hacheki tena, yeye aliyekuwa hakauki maneno. Tumembembeleza wee. "Mkuu wa vitabu ameshasema," anatujibu. "Mimi ni wa vitambaa." Inatuuma sana.

MAOMBI

Tumeona sanduku kwenye gari lako, na tumesikia lina kamusi ya Biblia na vitabu vya ufafanuzi. Tunavitamani, tusikudanganye. Lakini kabla hujalishusha, tunaomba jambo moja.

Aya ya leo ilitakiwa kuwa ya kumkaribisha mgeni, na neno "mgeni" liko kwenye herufi M. Kibanda cha Lusia kiko baada ya wauza ndizi, mlango wa bluu. Tunakuomba uende mwenyewe, ukamwombe akutafutie.

Mungu aibariki miguu yako uendako na urudiko. Ndaga fijo, asante sana. Chai iko jikoni, na hatutaimimina mpaka mrudi wawili.

Ni sisi,
Wasomaji wa Maandiko, Soko la Mwanjelwa

Imesomwa na Shedrack, muuza viatu vya mtumba, herufi S.