Tekla Fransis na Jezi Iliyoanikwa Chumbani

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni baba mdogo wa marehemu. Tekla Fransis alizaliwa tarehe 9 Agosti 1995 hapa Mtoni, binti pekee wa kaka Fransis na marehemu shemeji Felicitas, akasoma hapa hapa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2013, ingawa jioni zake nyingi, tusidanganyane, ziliishia uwanjani akidaka mashuti ya kaka zake.

Mwaka 2014 aliajiriwa kiwanda cha sabuni Mikocheni, na Novemba 2016, ligi ya taifa ya wanawake ilipoanza kwa mara ya kwanza, akasajiliwa golikipa wa timu ya mtaa wetu, na hapo nyumba ikawaka moto, maana kaka Fransis, mzee wa kanisa, alisema binti yake hatavaa bukta mbele za watu, akaacha kumsemesha, hata jezi akaamuru ianikwe chumbani, majirani wasiione, na Tekla, aliyempenda baba yake kupita maelezo, akaivaa msimu mzima haijakauka vizuri, na kila mechi akawa anaangaza macho kwa watazamaji, huenda baba amekuja.

Mechi ya mwisho, tarehe 20 Mei 2017, kaka alikwenda kwa siri, akajibanza nyuma ya goli la binti yake chini ya mwavuli mweusi, asijue, jamani, kwamba kipindi cha pili timu hubadilishana magoli, basi ikambidi auzunguke uwanja mzima, mwavuli juu, watu wakimshangilia, Tekla akamwona, akalia, akafungwa mawili, tukashika mkia. Kesho yake jezi ilikuwa kwenye kamba ya nje, na aliyeifua ni baba.

Tarehe 14 Desemba 2019 alifunga ndoa na Adelard, wakajaliwa mtoto mmoja, Sekela, aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 2020. Mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua, akapata nafuu, akazidiwa tena, na alfajiri ya tarehe 11 Novemba 2025 akatutoka hospitalini, baba yake amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa kiwandani, na mabinti wa timu waliokesha nasi. Mlioiona ile jezi ya njano kwenye kamba ya mbele, bado inachuruzika maji, msishangae, kaka Fransis ameifua mwenyewe leo asubuhi, na amesema isianuliwe mpaka tutakaporudi kutoka makaburini.

Pumzika kwa amani, Tekla, baba yupo nyuma ya goli lako.