Mama Tulia Anatuachia Chumba cha Utulivu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya ukunga, mwenzetu anastaafu. Jina lake rasmi wengi tulishalisahau. Wajawazito walimbatiza Mama Tulia, likamkaa.

Alianzia wodi ya kujifungulia, ambako sauti yake ilisikika hadi getini. Kwa hiyo alipohamia kliniki ya wajawazito akaomba chumba cha kukaa kimya, tulicheka hadi machozi. Daktari mmoja alimuuliza kama na yeye, kwa sauti ile, atakuwemo.

Chumba alipewa, na zoezi la humo lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulifanya: kuketi, mkono tumboni, kufuata pumzi ikiingia na kutoka, hofu ikija, kuitambua, kisha kurudi kwenye pumzi. Hakumwahidi mtu miujiza. Alisema mama aliyetulia hulala vizuri na humsikiliza mtoto wake; dawa na vipimo viko palepale.

Siku moja wajawazito walitulia mno chumbani. Mlinzi wetu, asiposikia hata kikohozi, akadhani wameshaondoka. Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kula. Aliporudi alikuta chumba kizima kinacheka, na Mama Tulia amemtunzia ile sauti yake ya wodini. Wiki nzima wajawazito walimwamkia shikamoo bwana jela. Naye akajibu kwamba hajapata kuona watu wanaokuja hospitali kusinzia.

Kisha binti yake mlinzi akashika mimba, baada ya kupoteza ya kwanza. Aliogopa hata kuligusa tumbo lake. Mama Tulia alimketisha ubavuni pake, bila kumhimiza. Polepole mkono ukafika, akamzoea mtoto: wakati wake wa kucheza na wakati wake wa kupumzika. Ndiyo maana asubuhi moja mtoto alipopunguza kucheza, yule binti alitambua. Hakungoja siku ya kliniki. Alikuja palepale, akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Mjukuu wa mlinzi sasa yuko chekechea, na kelele zake zinafika getini.

Tangu hapo mlinzi hafungi chumba kile bila kuchungulia.

Mama Tulia, asante. Chumba kinabaki, na wakunga uliowalea wataendelea kuketi na akina mama. Jioni ya siku yako ya mwisho mlinzi atachungulia kama kawaida, na tunajua atakawia kidogo mlangoni kabla ya kuzungusha ufunguo. Nenda kapumzike, dada yetu. Tunakuombea maisha mema, usingizi mtamu na pumzi ndefu.