Keti Kwanza: Miaka Ishirini na Sita ya Bi. Hilkka Närvänen

Tarehe 30 Mei, baada ya miaka ishirini na sita kazini, Bi. Hilkka Närvänen wa kitengo cha viti anastaafu. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu meza yangu iko jirani na yake, hivyo mimi ndiye niliyemsikia akibisha kuliko wote.

Alianza hapa Jyväskylä akishona viti vya magari ya mashindano. Kampuni ilipogeukia viti vya simuleta, ile mitambo ya usukani na pedali ambayo watu huendeshea mbio sebuleni, cherehani yake iliondolewa, akapewa meza ya bidhaa zinazorudishwa. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaanza kusoma fomu ambazo wateja hujaza wanaporudisha bidhaa.

Majira ya baridi ya mwaka huo viti kumi na saba vya aina moja vilirudi, na karibu kila fomu ilisema rangi haikupendeza. Hilkka akawapigia simu wateja mmoja mmoja. "Kiti ni cheusi," aliwaambia. "Weusi umekukosea nini?" Ndipo ukweli ulipotoka: nyonga haziingii, mapaja yanakufa ganzi, mabega yanasukumwa mbele. Watu walikuwa wanaona aibu tu kusema.

Na kwenye katoni sisi tulibandika lebo: "Kinamfaa kila mtu." Hilkka alikalia kiti hicho kutwa nzima akifanya kazi zake, akainuka akichechemea. Akaingia kwa bosi wetu, Pasi Lehtovaara, akamwambia kwamba yeye hataibandika tena lebo ile. Pasi akajibu kwamba kama hawezi, atatafutwa anayeweza.

"Sawa, bosi," akasema Hilkka, "ila keti kwanza."

Pasi alivumilia dakika arobaini. Lakini stoo ilikuwa imejaa viti vile, hivyo hakukubali kitu.

Kisha mzee Veikko Tiainen wa Viitasaari, dereva mstaafu wa malori ya magogo aliyepasuliwa mgongo, akarudisha kiti chake cha tatu. Kila Jumapili alikuwa akishindana kwa mtandao na binti yake Marju, aliyeko Oulu. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Mashindano hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

"Basi mama, naacha," mzee alimwambia Hilkka kwenye simu. "Mwili umekataa."

"Mwili haujakataa, kiti ndicho kibaya," Hilkka akamjibu. "Chemsha kahawa, nakuja."

Mimi na Hilkka tulipakia viti vinne vya aina tofauti, tukaenda Viitasaari. Alimketisha mzee nusu saa kwenye kila kimoja, breki ikikanyagwa mpaka mwisho. Alitaka goti libaki limekunjwa kidogo, kiuno kiegemee vizuri, na mikono ifike kwenye usukani bila mabega kuinuka. Vyote vinne vilishindwa. Saa tisa tulikuwa kwa muuza magari mabovu, tunang'oa kiti cha abiria, kipana, chenye mgongo unaolazwa. Tukarudi nacho kwa mzee, Hilkka akakiinua mbele kwa vipande vya mbao, akazisogeza pedali karibu.

Mzee Veikko akaketi. Akaweka mikono juu ya usukani, akakanyaga breki mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mpigieni Marju. Mwambieni awashe gari lake."

Kesho yake Pasi aliwaka. "Umeendesha kilomita zote hizo kumtafutia mteja wetu kiti cha skrepa?"

"Ndiyo. Cha kumfaa sisi hatuna. Agiza."

Walibishana kila Jumatatu kwa miezi mitano, na Hilkka hakurudi nyuma hata hatua moja, mpaka Pasi akaagiza. Leo tunauza saizi nne, tunampima mteja kabla ya kupokea oda, na dukani hakuna anayeondoka na kiti ambacho hajakikalia nusu saa. Viti vinavyorudi sasa vinahesabika kwa vidole. Lebo zile Pasi alizibandua kwa mkono wake, akamwomba Hilkka radhi mbele ya wafanyakazi wote.

Hilkka mwenyewe aliwahi kuendesha simuleta mara moja tu. Alitumbukia mtaroni kwenye kona ya kwanza, akacheka mpaka machozi, akarudi kupima watu.

Bi. Hilkka, asante kwa Jumatatu zote ulizotuchosha. Tunakutakia kiangazi kirefu kando ya ziwa, magoti yasiyouma, na miaka mingi ya kuketi utakapo, na kuinuka utakapo.