Vitambaa vya Haridas

Katika mashua ya kuvukia Kilifi, Haridas, muuza nguo wa Malindi, alikuwa akimlalamikia bibi mmoja wa Mambrui aliyeketi mbele yangu. Sote tulisikia, tupende tusipende.

"Watoto wa mtaani petu niliwafungia vitambaa vyekundu mitini, wajifunze njia ya msituni. Walipotea wote! Sasa hawataki hata kuusogelea msitu."

"Ulivifunga wapi, bwana?"

Haridas akagusa kipaji cha uso wake. "Hapa, mbele ya macho."

"Macho ya nani? Mimi, kabla wajukuu zangu hawajaenda mara ya kwanza, njia yote naipita nikitambaa. Panapoonekana nikiwa chini, ndipo ninapofunga. Wakishazoea, kila safari naondoa kimoja."

"Unawadekeza, bibi. Mtoto apotee, ndipo ajue."

Bibi akanyoosha mikono. Akafunua viganja vyake, vimejaa makovu ya miiba. Hata mpiga makasia alisahau kazi yake.

Mashua ikagusa mchanga. Haridas alishuka wa mwisho. Akapiga magoti pale pale, na nguo yake nyeupe, akautazama msitu ng'ambo ya njia.

"Lo!" akasema polepole. "Kumbe ni mkubwa hivi."