Kifupi Hakai Kabatini

Mheshimiwa Mkurugenzi wa ofisi hii, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, mwanangu uliyekaa hapo mbele umekumbatia mkoba, nanyi mafundi wa programu mliojibanza nyuma karibu na mlango kama watu wenye deni dukani: hamjambo?

Jibuni kwa sauti, maana sura zenu nimeanza kuzisahau. Tangu tumzike mjukuu wangu, nani kati yenu amekanyaga kizingiti changu? Jumamosi zilikuwa hazipiti bila ninyi kuja. Mlijaza meza yangu kompyuta na nyaya, mkamaliza chai yangu, mkavunja vikombe vyangu mkasingizia paka, nami sijawahi kufuga paka. Leo mmepanga foleni mlangoni, "Shikamoo Bibi, shikamoo Bibi," kwa adabu kama mpo mbele ya hakimu. Marahaba. Nimeipokea, lakini nimeipokea kwa kinyongo, mjue.

Sina karatasi mkononi. Mimi sikusoma, na karatasi ningeishika miguu juu, mkacheka, na leo sikuja kuwachekesha. Tumeitwa kufungua chumba hiki kilichopewa jina la mjukuu wangu. Ni chumba kizuri, kina madirisha mapana na viti vya kuzunguka, na pale ukutani kuna kabati la kioo, na ndani ya kabati kuna kompyuta yake, imelazwa juu ya kitambaa cheupe kama alivyoiacha. Mheshimiwa Mkurugenzi, ulifanya hivi kwa moyo safi, nami nakushukuru mbele ya watu. Ila nilipoiona kompyuta ile imelazwa hivyo, niligeukia dirishani. Kumwona amelazwa hivyo mara ya kwanza kulinitosha.

Hapa ofisini mlimwita Kifupi. Mimi nilidhani mnamtukana kimo, maana kweli mtoto yule hakufikia rafu yangu ya juu bila stuli, nikataka kuja niwatolee maneno. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Siyo kimo, Bibi. Ni vifupisho." Akanieleza kwamba nyie kutwa nzima mnaiandikia kompyuta amri ndefu kama treni, na yeye treni yote huipa herufi mbili tu, kompyuta ikaelewa. "Kitu ukikirudia mpaka kidole kilalamike," alisema, "kipe jina fupi." Na kila alichopanga humo ndani aliandika juu yake sababu yake, ili atakayekuja nyuma asibaki kubahatisha. Kisha akawagawia wote mipangilio yake. Je, kuna hata mmoja wenu ambaye hakuichukua? Nilijua.

Mlingoti, usijifiche, urefu huo utauficha wapi? Ni wewe uliyekuwa ukifuta vitu kwenye kompyuta yako bila kuangalia, ukakaribia kutupa kazi ya wenzako wote. Ukabonyeza, na kioo kikakuandikia: "Unatupa nini wewe? Umeangalia ndani?" Hayo ni maneno yangu ya jikoni! Ndiyo ninayomwambia kila anayebeba ndoo ya taka, maana vijiko vyangu huwa vinaishia jalalani. Kifupi aliyabeba akayatia kwenye chombo chake cha kufutia, bila kuniomba ruhusa. Jumamosi ile ulifika kwangu unahema: "Bibi, umenigombeza ofisini!" Nikakwambia, na bado.

Basi, katika vyombo vyake vidogo vyote, kimoja alikitengeneza kwa ajili yangu. Mimi ujumbe ukiingia kwenye simu, nilikuwa namnyooshea yeyote aliye karibu: nisomee. Mkwe, jirani, mpita njia. Siri zangu zote zilipitia vinywa vya watu. Kifupi aliona siku moja jirani ananisomea habari za ugonjwa wangu huku uso wake umejaa huruma ambayo sikuiomba. Alikuja na chombo, kinakaa ndani ya simu, ujumbe ukiingia kinausoma kwa sauti, masikioni mwangu peke yangu. Akakiita Nisomee. Mshonaji wa mtaani kwetu akakitaka, muuza mkaa akakitaka, na wauguzi wakawa wanawapa wagonjwa wao wasiojua kusoma. Mnajua maana yake, ninyi mliosoma? Ni kufunga mlango wa chumba chako kwa mara ya kwanza, ukiwa mtu mzima.

Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni. Tulijua. Kujua hakukutusaidia chochote.

Na baada yake, Nisomee nayo ikanyamaza. Haikunyamaza siku ileile, la. Ilianza kukwama, ikameza maneno, mwisho ikafunga mdomo kabisa. Dada yangu alinitumia ujumbe kwamba anakuja. Sikuujua, nikaenda zangu, nikarudi nikamkuta mlangoni mvua imemlowesha mpaka kilemba, ananitazama kama nimemfukuza. Mshonaji akaja: "Bibi, msomaji wako mbona kanuna?" Nikampigia Mlingoti.

"Bibi, hatujagusa kitu," akaniambia. "Hata mstari mmoja. Tumeacha kila kitu kama alivyokiacha. Ni heshima."

"Mbona hakifanyi kazi?"

"Simu zimebadilika, Bibi. Chenyewe hakikubadilika."

"Kwa hiyo kimekufa kwa heshima yenu?"



Ndugu zangu, nimeuguza watu wengi. Mgonjwa ukiogopa kumgeuza kitandani usije ukamuumiza, mgongo wake unaoza. Nanyi mmeogopa kugusa kazi ya Kifupi, na mmeogopa kunigusa mimi. Mlisema, tusimsumbue Bibi, tumwache apumzike. Nani aliwaambia nimechoka? Nimekaa na meza tupu, naifuta kila Jumamosi haina hata tone la chai. Niliyemzika ni mmoja. Mbona mliondoka wote?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye mfupa. Nilimuuliza Mlingoti, mkikitengeneza itakuwaje? Akaniambia ukweli, nami nampenda kwa huo ukweli: "Bibi, tukiendelea kukitengeneza, mistari yake itatoka mmoja mmoja. Miaka ikipita, huenda usibaki hata mmoja aliouandika yeye." Nikalia. Nikampelekea mwanangu habari hizo, kwa sababu yeye ndiye mama, na mistari yenyewe imo kwenye kompyuta ile, na ufunguo wa kabati amekabidhiwa yeye. Akasema, "Mama, watamfuta." Ameingia na ufunguo huo leo, na tangu tuketi hajaufungua mkoba.

Mwanangu, nitakwambia mbele za watu, maana nyumbani kila nikianza unakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nimelifikiria neno lako. Kufuta. Meza hufutwa ili watu wakae wale. Machozi hufutwa. Mwanao alikuwa akifuta kazi yake mwenyewe, kila siku, huku anaimba, anafuta mistari kumi anaweka miwili, ananiambia, "Bibi, sasa kinapumua." Nilimwona. Hakuwahi kuionea huruma mistari yake. Watu ndio aliowaonea huruma. Ukimweka kwenye kioo, unamweka mtu mwingine, mimi simjui huyo.

Sikulazimishi. Ulimbeba tumboni, mimi nilimbeba mgongoni tu. Ukisema kabati lifungwe, nitakaa chini na sitalitaja tena, na wauguzi watafute njia nyingine. Lakini muuza mkaa ananiuliza kila asubuhi, mwanangu, msomaji atapona lini.

Tutangoja. Mheshimiwa Mkurugenzi, nisamehe, najua ratiba yako imebana. Ngoja kidogo.

...Unasimama? Haya. Mpisheni. Ondoa kiti hicho, wewe, asijikwae. Taratibu, mama. Kufuli halina haraka. Hapana, Mlingoti, usimsaidie. Afungue mwenyewe.

Haya.

Mpokeeni kompyuta sasa. Kwa mikono miwili, siyo hivyo, kama mnapokea mtoto aliyelala. Naam. Na mkaifanyie kazi, mkaikwaruze, mkaifungue matumbo, mkaongeze yenu na mkatoe yake, na juu ya kila mtakachobadilisha mwandike sababu, kama alivyowafundisha.

Mheshimiwa Mkurugenzi, wageni wote, mmenipa masikio yenu muda mrefu kuliko nilioahidiwa, nami nawarudishia na shukrani juu yake. Mungu awaweke.

Ninyi wa nyuma, bado. Jumamosi njooni, na mama yake atakuwepo. Kwenye simu yangu kuna ujumbe mwingi ulioingia tangu msomaji anyamaze, na sikumruhusu mtu yeyote ausome. Msinisomee ninyi. Kaeni mezani, mkitengeneze chombo chake, kisha mnyamaze wote, kikianza kusema tukisikilize.