Mama Peres Wesonga na Kuku wa Ghorofa ya Nne

Wasifu wa marehemu, uliosomwa na mwanawe, Clifford, huko Shikunga, Butere, Jumamosi tarehe 22 Februari 2025

Ndugu, jamaa, wakwe zetu, majirani wa Shikunga, nanyi mliosafiri nasi kutoka Nairobi: tumemleta Mama nyumbani. Katika kijitabu mlicho nacho mkononi maisha yake yametoshea ukurasa mmoja, na ugonjwa wake una mistari miwili. Mingine ilikatwa na Baba mdogo Sammy, katibu wa kamati ya mazishi. Aliniambia, "Clifford, watu hawaji matanga kusikia habari ya kuku." Namheshimu Baba mdogo. Lakini nitasoma karatasi yangu mwenyewe, kwa sababu kuna neno ambalo sikumwambia Mama akiwa hai, na nimeshindwa kulizika pamoja naye.

Marehemu Mama Peres Wesonga alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 huko Manyala, Butere. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Andayi Opati na marehemu Mama Rispa.

Alisoma shule ya misheni hapo Manyala hadi darasa la saba, mwaka 1968. Mtihani aliupita. Karo ilikuwa ya mtoto mmoja, na aliyepelekwa sekondari ni kaka yake. Marehemu hakuwahi kulinung'unikia jambo hilo mbele yetu. Alisema tu kwamba hesabu alizopata zilimtosha kupima unga na chumvi.

Mwaka 1974 aliingia Nairobi na kuajiriwa Lavington kama msaidizi wa jikoni. Baada ya miaka mitatu akawa mpishi, na katika nyumba ile ile alipika hadi tarehe 31 Desemba 2009. Sifa yake kubwa ilikuwa kuku. Wageni wa mwajiri wake walikuwa wakiulizia kama Peres yupo kabla ya kukubali mwaliko. Sijui alichinja kuku wangapi katika miaka hiyo thelathini na mitano, ila alikuwa na sharti moja: kisu hakinolewi mbele ya kuku. Alikinoa kwanza, nyuma ya nyumba, ndipo akaenda kumchukua. Nilipofika miaka kumi alinifundisha hivyo hivyo. Alisema, "Anakupa uhai wake, mwanangu. Usimwongezee na hofu."

Tarehe 11 Desemba 1976 alifunga ndoa na marehemu Baba, Isaiah Wesonga, fundi seremala wa Kinoo. Walijaliwa watoto wawili, mimi na dada yangu Ivyne. Baba alikuwa na kibanda chake kando ya Waiyaki Way, na nusu ya vitanda vya Kinoo ni kazi ya mikono yake. Walitaniana tangu asubuhi. Baba akisema chumvi imezidi, Mama alimjibu kwamba hata kitanda chake cha mwisho kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Sisi watoto tulidhani ndoa zote zina kelele za namna hiyo.

Baba alifariki tarehe 19 Juni 2020, wakati ule wa korona. Mnakumbuka ilivyokuwa. Tuliruhusiwa watu kumi na tano, barakoa usoni, askari amesimama pale penye mgomba, na kufikia saa tatu asubuhi tulikuwa tumemaliza. Hakuna aliyelala hapa. Hakuna aliyemshika Mama mkono. Mke aliyeishi na mumewe miaka arobaini na mitatu aliambiwa asogee mita moja kutoka kwenye kaburi.

Mwezi wa nane mwaka huo nilimtoa Kinoo nikamleta kwangu Kileleshwa, ghorofa ya nne. Nilidhani nimefanya la maana. Chumba chake kilikuwa na bafu ndani na televisheni ukutani. Mama alikaa kitandani akitazama pazia. Hakupika, hakuimba, na jina la Baba hakulitaja. Tangu 2014 alikuwa na presha na sukari, sasa zote mbili zikapanda, na daktari wa kliniki akatuambia kwamba kuna ugonjwa wa tatu ambao ni huzuni, na kwamba nao unaua. Akampa vidonge vingine. Mama aliviweka juu ya kabati pamoja na vile vya zamani. Akikumbuka anakunywa, asipokumbuka basi.

Sasa nafika mahali ambapo Baba mdogo alipitisha kalamu.

Desemba 2022 mtu wa kwetu alikuja Nairobi akaniletea zawadi, tembe, kuku jike wa kienyeji mwenye madoadoa, amefungwa miguu ndani ya mfuko. Wavinya, dada anayetusaidia nyumbani, alimweka ndani ya karai kwenye roshani huku akichemsha maji ya kumnyonyoa. Kurudi, akakuta yai. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa kanga yake ya kulalia. Wavinya anasema ilikuwa mara ya kwanza kumwona roshani.

"Huyu ametaga," Mama alisema. "Anayetaga hachinjwi. Zima hayo maji."

Alimwita Mwenyekiti, kwa kuwa alitembea kama mwenyekiti wa chama cha akina mama siku ya kugawana pesa. Kitavi, mlinzi wa jengo letu, alipanda ngazi kuleta malalamiko. "Mathe, hapa si ushago, hapa ni town. Landlord akiona hii kuku, mimi ndio nitafutwa kazi."

"Kitavi, umekula mayai wiki hii?"

"Bado."

"Basi kesho utakula."

Kitavi yuko pale nyuma, amekuja na sisi. Hakupanda tena na malalamiko.

Wapendwa, nataka mjue yule kuku alimfanyia nini Mama, maana mimi niliyaona yote na sikuyaelewa. Saa kumi na mbili asubuhi Mwenyekiti aligonga kioo cha mlango wa roshani kwa mdomo. Mama aliamka. Mtu niliyejaribu kumwamsha kwa miaka miwili nikashindwa aliamka kwa sababu kuna kiumbe anamsubiri na njaa. Vidonge vyake alivihamisha kutoka kabatini akaviweka kando ya kopo la mahindi. Alitoa konzi moja kwa Mwenyekiti, akameza vyake, akisema, "Wewe kula chako, nami nile changu." Alianza kuteremka ngazi kwenda Kangemi na Wavinya kutafuta pumba, na huko akapata watu wa kubishana nao bei. Anita wa ghorofa ya tatu alipanda kununua mayai, akawa anabaki kwa chai. Na jioni moja, nikiwa sebuleni, nilimsikia Mama akimsimulia yule kuku habari za Baba: kibanda, vitanda, ule mguu mfupi. Miaka miwili u nusu tangu amzike, na jina Isaiah lilitamkwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu kwenye roshani, mbele ya kuku.

Kliniki walishangaa. Presha ilikuwa imeshuka. Daktari, msichana mdogo tu, akamuuliza amebadilisha nini.

"Nimepata kuku," Mama alisema.

"Unakula nyama nyingi, Mama?"

"Simli. Naishi naye."

Daktari alicheka hadi akavua miwani, kisha akaandika kwenye kadi, na kadi hiyo ninayo hapa mfukoni: Aendelee na dawa. Aendelee na kuku.

Nami niliisoma kadi hiyo. Nilicheka pia, nikawaonyesha wenzangu kazini.

Jumamosi tarehe 5 Oktoba 2024, jioni, wakwe zangu kutoka Mumias walipiga simu kwamba wamo Nairobi na kesho yake watakula kwetu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuingia nyumbani kwangu. Nyote hapa mnajua mkwe hupokewa kwa kuku. Nilizunguka Kawangware na Kangemi, sikupata wa kienyeji. Mke wangu Valarie alisema, "Si tununue tu ya supermarket? Hao ni wazazi wangu, hawatasema kitu." Nikamwambia siwezi kumwekea baba mkwe kuku wa gredi mezani. Mwenyekiti alikuwa na miezi sita hajataga. Nikajiambia kwamba Mama ni mpishi, amechinja kuku kuliko mtu yeyote ninayemjua, na hakuna anayejua heshima ya mkwe kumshinda. Nikajiambia angefanya vivyo hivyo. Kumuuliza sikumuuliza. Alikuwa chumbani, hatua sita kutoka nilipokuwa.

Nilimwambia Wavinya. Alitazama sakafu. "Boss, mimi siwezi. Huyo si kuku ya kula."

"Kuku ni kuku, Wavinya."

"Sawa. Kesho napeleka Mama church. Fanya tukiwa hatuko."

Nilifanya wakiwa kanisani. Nilimchinja mimi, kwa mkono huu.

Mama na Wavinya waliporudi, wakwe walikuwa wameshaketi. Mama alifurahi kuwaona, akawauliza habari za mvua na miwa. Nilipakua mwenyewe. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, lakini siku hiyo nilimwekea Mama, ili wakwe waone ninavyomheshimu. Aliila. Akasema, "Huyu kuku amelishwa na mtu anayejua kuku." Kisha akamega kipande cha ugali kwenye sahani yake, akainuka, akaenda roshani kumpelekea Mwenyekiti.

Alisimama kule muda ambao sijui kuupima. Baba mkwe alikuwa akieleza jambo kuhusu kiwanda cha sukari. Mama akarudi, ule ugali bado mkononi. Akauweka ukingoni mwa sahani, akanawa, akaketi na wageni mpaka mwisho. Ndiye aliyewaombea safari njema. Baba mkwe, na yuko hapa anaweza kushuhudia, alikuwa amekula kipande kimoja tu, kwa sababu meno yanamsumbua.

Mlango ulipofungwa, Mama aliniuliza swali moja.

"Kisu ulikinolea wapi?"

"Chini, Mama. Kwa Kitavi. Kabla sijamchukua."

"Vizuri," alisema, akaingia chumbani.

Jumatatu nilikwenda sokoni kabla ya kazi nikapata tembe mwenye madoadoa yale yale, nikamweka roshani, nikamwita Mama. Alimtazama kidogo. "Huyu ni kuku, Clifford," akasema, akarudi kitandani. Tembe yule aligonga kioo asubuhi iliyofuata, na iliyofuata. Hakuna aliyeamka. Wiki ya pili nilimpa Kitavi.

Mama hakunikasirikia. Laiti angenikasirikia. Alijibu salamu zangu, alikula vijiko viwili vitatu, alirudia kutazama pazia. Anita alipanda, akakaa na kikombe chake peke yake, mwisho akaacha kuja. Mara tatu niliketi ukingoni mwa kitanda chake nikitaka kusema neno, na mara zote tatu niliona haya. Mwanamume wa miaka arobaini na sita amwombe mama yake msamaha kwa ajili ya kuku? Nikauliza kama amekula. Nikauliza kama azimiwe taa. Nilidhani muda upo.

Tarehe 9 Februari mwaka huu alipata kiharusi. Tulimkimbiza hospitali, hakuzungumza tena, na Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akakata roho, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wavinya alipokuwa akipanga vitu vyake alifungua kopo la mahindi. Vidonge vya miezi minne vilikuwa humo, vimechanganyika na punje. Kila asubuhi tulimwona akienda kwenye kopo, tukasema anakunywa dawa.

Hiyo ndiyo mistari iliyokatwa. Kijitabu kinasema aliugua presha na sukari kwa muda mrefu. Ni kweli. Lakini kwa karibu miaka miwili kulikuwa na kitu kilichokuwa kikimwinua, na mimi nilikipika.

Marehemu ameacha watoto wawili, Clifford na Ivyne, mkamwana Valarie, mjukuu mmoja, Quincy, anayeniuliza kila siku Mwenyekiti alikwenda wapi, shemeji yake Sammy, na Wavinya, ambaye hakuzaliwa naye wala hakuolewa kwetu, lakini alimjua kuliko sisi sote.

Wakwe zangu, mniwie radhi. Jana jamaa walileta kuku tisa wa kuwapokea, wakawafunga nyuma ya jiko. Leo alfajiri nimewakata kamba. Mtawaona wakipita kati ya viti, msiwafukuze. Tutakula maharagwe. Hilo halimrudishi Mama, najua, wala Mama hakuniomba. Ni kwamba nilishika kisu nikashindwa.

Mama, nilikosa. Ilikuwa nikuambie kule Kileleshwa, ukingoni mwa kitanda, ukiwa bado unaweza kunijibu. Pumzika.