Kitanda Kinachogeuza Wagonjwa

Shuleni bwenini tulikatazwa kusikiliza ya watu, ila ndani ya basi wawili waliokaa mbele yangu hawakuniachia hiari. Mhadhiri wa uhandisi alimsihi muuguzi mkuu akubali kukijaribu wodini kitanda kilichoundwa na wanafunzi wake, kinachomgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, la sivyo chuo kingefuta mradi leo.

"Sista, kinageuza taratibu kabisa!"

"Ushawahi kukilalia, mwalimu?"

"Tulilaza gunia la mchanga."

"Likasemaje?"

"Halikulalamika."

"Basi leo ulale wewe, swichi nishike mimi."

Mhadhiri akajishika kiuno, akaeleza kwamba mgongo wake hautaki misukosuko. Niliona aibu kwa niaba ya wasomi wote. Basi liliposimama hospitalini, muuguzi alishuka akikunja mikono ya sare. Mhadhiri alimwuliza kondakta kama mbele kuna kituo kingine.